Panya Aliyegombewa na Mabalozi Wawili

"Huyu ni wangu! Meli aliyoitoroka inapeperusha bendera yangu!" Balozi Jogoo alifoka.

"Wako kwa lipi? Kazaliwa kwetu, nitamkamata mimi!" alijibu Balozi Bata Mzinga, shingo imemwiva kwa hasira.

Panya, baharia mtoro, alikuwa akiwasikiliza nyuma ya mlango wa korokoro. Nahodha wa meli ile alikuwa Paka, na tangu nyama iishe melini, kila akimtazama Panya alilamba masharubu. Balozi yeyote akishinda, Panya angerudishwa melini kwa Paka.

Bibi Kobe, mlinzi wa korokoro, alimwonea huruma. Akauliza kwa upole, "Waheshimiwa, nimkabidhi nani? Maana lazima mmoja wenu akubali kwamba mwenzake ni mkubwa kuliko yeye."

Weee! Hapo ndipo moto ulipowaka. Walitukanana, wakaparurana, manyoya yakatapakaa bandarini, mpaka meli ikapiga honi, ikang'oa nanga, ikaenda zake.

"Haya," alisema Bibi Kobe, "meli imeondoka. Na desturi ya hapa, mwenye mtoro ndiye anayemlisha. Nani mwenyewe?"

"Ni wako, kazaliwa kwenu!" Jogoo aliruka upesi.

"Wangu kwa lipi? Bendera ni yako!" alisema Bata Mzinga, keshafika njiani.

Walipotoweka wote wawili, Bibi Kobe alifungua mlango.

"Toka, mjukuu wangu," alisema. "Wamekukataa wote. Njoo tule, uji unapoa."