Goti la Kiondo

Kwa amri tukufu ya serikali, kila raia alipata maji ya wiki kulingana na pointi za timu yake ya kubuni ya mpira wa kikapu, yaani orodha ya wachezaji halisi aliowachagua, wanaomletea pointi wakifunga uwanjani. Orodha zilifungwa saa sita kamili, mtaa mzima ukiziona.

Zilibaki dakika mbili. Mdogo wake Mwasiti, Kiondo, mchezaji halisi wa ligi, alificha goti lililovimba chini ya meza.

“Dada, ukinitoa majirani watashtuka, nao watanitoa. Nikikosa wa kunichagua, ligi itanifukuza.”

“Kwa hiyo mimi nioge mate?”

“Dada, nakuomba.”

Mwasiti akameza hasira, akambakisha kwenye orodha yake. Sekunde ya mwisho simu zao zikalia pamoja: mtaani, aliyemtoa Kiondo kwenye orodha yake ni mmoja tu, Kiondo mwenyewe.

“Usijali, dada,” akasema bila kumtazama. “Nitakugawia ndoo moja.”