Mamba wa Katindiuka

Vyeti vyote vitatu vya kifo vilitaja mamba.

Agnella alivipanga mkekani kwa mzee Barnaba, pembeni ya mpunga ulioanikwa, akaweka kokoto juu ya kila kimoja upepo usivichukue. Babu yake Nikodemu, mwaka 1969. Baba yake Viktor, 1983. Kaka yake Vitus, 2002. Sababu ya kifo: kushambuliwa na mamba.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba, mama Silvano. Kaa basi, mbona umesimama kama mgambo?"

Hakukaa. Ufunguo wa nyumba alikuwa ameukamata kiganjani tangu alipotoka kwake asubuhi, mpaka ukamchora alama.

Mzee Barnaba alistaafu ukatekista miaka mingi iliyopita, lakini Katindiuka nzima bado ilimwita hivyo. Aliviona vile vyeti, akageuza uso, akaanza kufukuza kuku ambao hata hawakuwa karibu na mpunga.

"Baba hakuwa mtu wa mtoni," Agnella alisema. "Hata kisimani alimtuma mama. Huyo mamba alimkuta wapi, kwenye mahindi?"

"Umevitoa wapi hivi?"

"Kwenye sanduku la marehemu mama. Wazee wa kina Balbina walitaka kujua watu wa ukoo wetu wanakufa kwa nini, kabla ya kumtoa binti yao. Nikasema sina la kuficha. Nikawapa wasome."

"Wakasemaje?"

"Mamba mmoja ni bahati mbaya. Mamba watatu wametumwa na mtu. Binti yao hawamtoi tena."

Mzee Barnaba aliguna. "Na Silvano anasemaje?"

"Hasemi kitu."

"Harusi si Jumamosi hii?"

"Suti ilitoka kwa fundi jana. Leo asubuhi nimemvalisha, nikamfunga mpaka kifungo cha juu. Imemkaa."

Mzee alicheka, meno yake mawili yakaonekana. "Dume zima linavalishwa na mama yake! Huyo Balbina ana kazi."

Agnella hakucheka. "Barua za kupeleka wilayani kuombea vyeti hivi uliandika wewe, katekista. Mama aliniambia. Sijaja kukulaumu. Niambie tu."

Yule mzee alichota mpunga, akauacha umwagike polepole katikati ya vidole vyake.

"Walijinyonga," alisema. "Wote watatu."

Upepo ulitikisa vyeti chini ya kokoto.

"Enzi zile, kwetu hapa, aliyejitoa uhai hakuombewa. Alizikwa nyuma kule vichakani, bila msalaba. Babu yako nilimkuta mimi, ghalani. Bibi yako akanishika miguu. Ningefanyaje? Nikaandika mamba."

"Kwa nini mamba? Kwa nini si malaria?"

"Wa malaria anaoshwa na wanawake kumi, kisha anafunuliwa watu wamuage. Aliyeshambuliwa na mamba haoshwi na majirani, na jeneza lake halifunuliwi. Watu wanaaga ubao. Hakuna anayeona shingo." Alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Nilidhani ni mara moja tu. Akaja baba yako. Akaja Vitus. Kila mwaka nawaombea Misa wote watatu, na padri hajui kwa nini."

Agnella aliutazama ufunguo kiganjani mwake.

"Kosa ni langu, mwanangu," mzee alisema, akihangaika kusimama. "Wale wazee nitawaeleza mwenyewe. Nitawaambia hakuna uchawi, ni uongo wangu. Nipe fimbo yangu twende sasa hivi. Mradi kijana mwenyewe bado yupo, harusi inaweza kurudi."

"Hata leo halifunuliwi?" Agnella aliuliza.

"Nini?"

"Jeneza la mtu wa mamba."

"Hata leo. Nani atake kuona?"

Ndipo Agnella akakaa. Alivikusanya vyeti vitatu, akavikunja pamoja. Kisha akachomoa kwenye pindo la kanga karatasi tupu ya daftari na kalamu, akaitandaza karatasi mkekani mbele ya mzee, na juu yake, upepo usiichukue, akaweka ufunguo.

"Andika Silvano," alisema. "Andika mamba."