Nafsi ya Arobaini na Moja

Karani wa sensa aliingia sebuleni kwangu asubuhi na daftari lake. Sheria kila mtu anaijua: anayegundua kiumbe ndiye mzazi wake, ataishi naye nyumbani, na nyumba moja haizidishi nafsi arobaini. Mimi nina chupa thelathini na nane za viumbe vya seli moja, kila chupa nafsi moja, binti yangu Ndeshi, na mimi mwenyewe. Arobaini kamili.

"Na huyu?" akauliza, kalamu ikielekea chupa ya kwanza.

"Huyo nilimtoa kwenye matope ya magadi, Ziwa Natron, wenzangu wakiapa kwamba pale hakuna kitu hai. Mtazame kwa hadubini. Nduguze wote wana mkia mmoja, yeye ana miwili. Vitabu viliandikwa upya kwa ajili yake!"

Nilimpitisha rafu zote. Miaka thelathini ya kuchota matope kwa kijiko si mchezo, kwa nini nisijisifu?

"Hongera, Profesa. Kuna nafsi inayotarajiwa?"

"Hakuna."

"Ipo, mama," Ndeshi akasema, mkono tumboni. "Desemba."

Nilipiga vigelegele, nikamkumbatia. Mimi, bibi! Karani alisubiri nimalize, akanipa kalamu.

"Basi mmoja atoke. Chupa ikitoka, inamwagwa."

Nikazipitia chupa zote, nikarudia tena kuanzia mwisho. Hakuna hata mmoja mwenye mwenzake duniani.

"Nifute mimi, mama," Ndeshi akasema. "Nitapanga chumba mjini."

Mungu anisamehe. Nilishukuru kwanza, ndipo nikalia.