Mzio wa Mama Jawad

Dokta Ahlam alimtazama mama yake akitafuna, huku mkono wake mmoja ukiwa ndani ya mkoba umeishika sindano ya adrenalini, dawa ya kumwokoa aliyepatwa na mzio mkali.

Alimwambia ni katlesi za samaki. Hakumwambia kwamba humo ndani amesaga na kamba wawili wa baharini.

"Leo umepika, mwanangu," alisema Bi Mahfudha, akachukua ya pili. "Mbona wewe huli?"

"Nimeshiba, Mama."

Hatia ndiyo iliyomshibisha.

Majirani wote pale Goba walimwita Bi Mahfudha Mama Jawad, kwa jina la kifungua mimba wake aliyesemekana kufa kwa homa kabla Ahlam hajazaliwa. Walijua pia kwamba kamba ni mzio kwake. Harusini alikaa na chupa yake ya maji tu, wali wa watu hagusi, asije akakutana na kamba humo. Ahlam alikua akiyaona hayo, na ndiyo yaliyomsukuma kusomea ubingwa wa magonjwa ya mzio.

Mwaka huu, wa pili wa masomo, alimshawishi mama yake apimwe. Akamchoma kidogo mkononi kwa dawa ya kipimo, akasubiri. Ngozi ikabaki shwari.

"Kweli ilikuwaje siku ile kamba walipokudhuru, Mama? Niambie. Mficha uchi hazai."

"Midomo ilivimba," alijibu Bi Mahfudha, macho sakafuni. "Macho yakafumba. Pumzi ikakata, na gari halikupatikana. Usiniulize tena."

Mwalimu wake, Dokta Projestus, alisema kipimo cha ngozi pekee hakitoshi. Mgonjwa aonjeshwe kamba kidogo kidogo, hospitalini, kwa ridhaa yake. Bi Mahfudha alikataa katakata.

Basi Ahlam akafanya jambo ambalo lau mwanafunzi mwenzake angelifanya, yeye angekuwa wa kwanza kumshtaki. Alijiambia anamkomboa mama. Lakini alitaka pia kisa kizuri cha kuwaeleza walimu Jumatatu, na hilo lilimtia aibu kila mama alipomega kipande.

Alasiri ikaadhiniwa. Bi Mahfudha akatawadha, akaswali, akarudi barazani akipumua vizuri kuliko binti yake. Hakujikuna hata mara moja. Ahlam akaiachia sindano, machozi yakimlengalenga.

"Mama, nisamehe. Nimekukosea. Zile katlesi zilikuwa na kamba."

Bi Mahfudha akageuka kuitazama sahani ya katlesi.

"Lakini tazama, huna kitu! Huna mzio, Mama, wala hujawahi kuwa nao. Miaka yote hii umejinyima bure!"

Bi Mahfudha hakukasirika. Aliketi mkekani taratibu, akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. Akajifuta tena. Akaendelea kujifuta hata Ahlam akamshika mkono.

"Najua sina," alisema. "Ile midomo iliyovimba haikuwa yangu, mwanangu. Ilikuwa ya Jawad. Na aliyemlisha kamba ni mie."