Nyungunyungu wa Kaburini

Ti! Ti! Sauti ya jembe ilitoka nyuma ya nyumba, na Ambakisye akajua mkewe anachimba wapi. Akatoka mbio. Tusajigwe alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi la mtoto wao, Lusajo, ndoo ikiwa kando yake.

"Mama Lusajo, umerukwa na akili?"

"Mpimaji wa udongo yuko kwa jirani. Wewe shambani umepata nyungunyungu wangapi?"

Sheria ilitaka kumi katika shimo moja la katikati ya shamba. Wakipungua, shamba linachukuliwa. Naye Ambakisye, kwa kiburi cha trekta lake, alikuwa amelima mara tatu kila msimu na kupiga dawa mpaka udongo ukawa kama majivu. Makaburini tu ndiko trekta halijawahi kupita.

"Hata mmoja," akasema.

"Basi shika ndoo, bwana trekta."

Nyungunyungu wa ndooni walikuwa wanene, wekundu. Hakutaka kufikiri wamenenepea nini. Alijua pia kuwa kwenye udongo wake hawatamaliza siku mbili, lakini akaibeba ndoo.

Nyuma yake Tusajigwe alifukia shimo, akalaza kiganja juu yake.

"Wakishahesabiwa tu, mwanangu, nitakurudishia wote."