Dua kwa Jemadari wa Roma

Jumamosi, tarehe sita Juni. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu. Wana wawili wa Bi Mwanaidi walipigana vita vya Warumi katika mchezo wa video kwenye televisheni, majirani wakitazama. Mchezo ungeamua mama akaishi kwa nani. Mama, akidhani mshindi ndiye atakayempata, alimwombea Sudi, kitindamimba wake.

Majeshi ya Sudi yakauzingira mji wa mwisho wa Kheri.

“Nihurumie, mdogo wangu,” Kheri akasema.

“Huruma kamwombe mama, kaka.” Sudi akabonyeza, mji ukawaka moto.

“Alhamdulillahi,” mama akanong'ona, akaanza kukunja kanga zake.

Kheri akasimama bila kumtazama. “Majirani, mmeshuhudia. Nimeshindwa. Nitamchukua mimi.”