Chini ya Mkorosho wa Kituoni

"Kuchimba dawa, dakika tano!" kondakta wa basi la Lindi alipiga kelele, na abiria wakamwagika kwenye mikorosho yangu, maana choo cha kituo kina kufuli tangu kijengwe.

Mwanaume mmoja mwenye tai alijisaidia chini ya mti, pale nilipofagia asubuhi. Sisi korosho hatuchumi. Tunangoja ianguke yenyewe pamoja na bibo lake, lile tunda lenye maji, ndiyo tuokote. Alilowesha mabibo mawili mazima, akafunga zipu, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu.

Hakunawa. Alianza kuyaminyaminya mabibo ninayouza kwa vidole vilevile.

"Dada, haya umeyaosha kweli? Nyie watu wa Kilwa wachafu sana."

Niliiacha meza. Nikarudi kule chini ya mti, nikayaokota yale mawili, nikamfutia moja kwa pindo la kanga.

"Hili limeanguka sasa hivi, kaka."

Alilitia meno. Maji ya njano yalimtiririka hadi kwenye tai.

"Tamu!" alisema mdomo umejaa. "Hilo jingine mpe mama yangu, yule pale."

Bibi kizee alikuwa ameshatoa mikono yote miwili dirishani mwa basi, viganja vimeungana kupokea.

"Shikamoo, mama," nilisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Bibo la pili lilikuwa bado mkononi mwangu, likinichuruzika hadi kwenye kiwiko.